Yule Mama Muuza Papa

Mama alishonesha gauni jipya la kitenge kwa ajili ya filamu ya dada. Kila aliyepita mlangoni kwetu Chamazi aliambiwa kwamba binti yake mkubwa ametokea kwenye filamu ya kuwalinda papa, na kwamba yeye mwenyewe yumo.

Alikuwamo kweli. Dada alikuwa amewaleta wapiga picha sokoni Temeke, kwenye meza ambayo mama ameuzia papa mkavu tangu alipohama Lindi. Akamwomba akate papa kama siku zote. "Usinitazame, mama. Fanya kama sipo." Mama akafanya hivyo. Biashara ile ndiyo iliyomsomesha dada hadi akawa mtaalamu wa viumbe vya baharini, na alipoanza kutuambia kuwa papa wanakwisha, mama hakubisha. Alipunguza papa mezani, akaongeza dagaa.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi mmoja mjini. Mwongozaji, mzungu mpole, alisema kwa Kiingereza kwamba filamu za bahari zimejaa sura za aina moja, na kwamba safari hii bahari inasimuliwa na mwanamke Mwafrika, mtoto wa pwani. Nilimtafsiria mama kwa kumnong'oneza, akapiga makofi kuliko wote.

Tukamwona dada akipiga mbizi, dada akipima papa, dada akisema bahari ndiyo iliyomlea. Nilishangaa, maana sie bahari tuliionaga sikukuu tu. Kisha akatokea mama, na kisu chake, na mikono yenye chumvi. Muziki ukawa mzito. Dada alisimama mbali akimtazama kwa huzuni, kama mtu anayemtazama mgeni anayefanya kosa. Maandishi ya chini yalisema: muuza papa, Dar es Salaam. Basi.

"Mbona nzi wengi hivyo?" mama aliuliza. "Siku ile niliwafukuza."

Filamu ilipokwisha, dada alipanda jukwaani kujibu maswali. Msichana mmoja akauliza walimpataje yule mama wa sokoni.

"Tulimkuta tu pale," dada alijibu kwa Kiingereza. "Wapo wengi kama yeye."

Tulikuwa mstari wa tatu. Alituona.

"Amesemaje?" mama akauliza.

Nilitamani kumdanganya, nikashindwa. "Anasema walikukuta tu sokoni."

Mama alifikiri kidogo. "Si ndipo waliponipigia picha," akasema. Lakini hakupiga makofi tena, na hatukungoja chakula walichowaandalia wageni. Nje alinishika mkono. "Ananionea haya, eti?"

"Hapana, mama."

"Mie naona ananionea haya."

Kesho yake nilimpigia dada. Alisema kama angemtaja mama, hadithi ingegeuka kuwa ya familia, na wao walitaka ya papa.

"Wao ndio waliotaka, au wewe?"

Akasema ana kikao.

Sikukuu ya Idd dada alikuja nyumbani. Mama aliitikia shikamoo yake, akampakulia pilau kama kawaida. Jirani aliyekuwa amealikwa akauliza ile filamu ilikuwaje.

"Wala sikuiona vizuri," mama alisema. "Nilisinzia."

Dada alicheka kidogo, akanitazama ili nicheke naye. Nilichukua sahani yangu nikaenda kulia chakula uani.