Msichana Aliyewaamkia Wapinzani

Mwaka ule timu yetu ya mpira wa kikapu ya wanawake, hapa Karatu, ilibaki mifupa. Wazoefu waliondoka mmoja mmoja: huyu kaolewa Babati, yule kapata kazi kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta, ambako ruhusa hutolewa kama dawa ya kikohozi, kwa kijiko. Mimi nikiwa kocha, nikaamua kuijenga timu upya kwa wasichana wadogo. Msaidizi wangu, aliyekuwa nahodha wetu wa zamani, alikubali huku amenuna.

Wawili ndio walionipa kazi. Wa kwanza alikuwa binti wa wakulima wa hapa hapa. Alikuwa na mbio za swala, ila akishika mpira hampi mtu. Wa pili alitoka Piyaya, kijiji cha Wamaasai, akaja mjini kwa shangazi yake kujifunza ushonaji. Alikuwa mrefu, na akiruka viganja vyake vinagusa chuma cha goli. Siku niliyomwona nililala usingizi mtamu.

Mechi ya kwanza tulicheza nyumbani na timu kutoka Mbulu. Mfungaji wao alikuwa mama wa makamo mwenye pumzi za trekta. Alipokuja na mpira, binti wa Piyaya alimkabili vizuri, halafu akamwinamishia kichwa, vile vijana wa Kimaasai wanavyomwinamia mkubwa ili awaguse utosini. Yule mama, kwa mazoea ya malezi, akamgusa kwa mkono mmoja, akafunga kwa mwingine.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mwamuzi alishindwa kupuliza filimbi. Tulifungwa vibaya.

"Dada, huyu tumrudishe kwa shangazi yake," msaidizi wangu alisema.

"Mpe muda."

"Muda hadi lini? Hadi na sisi tuzeeke atuamkie?"

Nikamwita binti pembeni. "Mwanangu, mbona ulimwachia?"

"Kocha, yule ni mama. Angekuwa wa rika langu ningemnyang'anya."

"Uwanjani hakuna mama."

Akaniangalia kwa huruma. "Lakini alikuwepo, Kocha. Nilimwona."

Tukaendelea na mazoezi kwenye vumbi jekundu na baridi ya Julai, na tukaendelea kufungwa. Kuna jioni nilitamani kuwarudisha wote wawili makwao na mimi nikalime vitunguu. Aliyetuokoa ni yule binti mchoyo wa mpira. "Kocha," alisema akifunga kamba za viatu, "si awaamkie wote kabla ya mechi, amalize?"

Basi tulipokwenda Mto wa Mbu, binti wa Piyaya alipita mstari mzima wa wapinzani, mmoja mmoja, shikamoo na kichwa chini. Waliitikia wakitazamana. Mmoja, katoka chuo juzi tu, aliruka nyuma: "Mimi? Marahaba ya nini? Nina uzee gani?"

Filimbi ikalia, na msichana wangu akageuka mtu mwingine. Kila mpira uliorushwa golini kwetu aliupangua. Mwishoni, tukiwa mbele kwa pointi moja, yule mchoyo akabanwa kona, na kwa mara ya kwanza msimu ule akatoa pasi. Mrefu akadaka, akafunga.

Msaidizi wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja mikono, akapiga kigelegele, akakimbia katikati ya uwanja kumkumbatia. Mchezo ulikuwa bado unaendelea. Mwamuzi akatuadhibu, wapinzani wakafunga mitupo ya adhabu, wakapata mpira, wakafunga tena, wakatupita.

Njiani kurudi, gari likipanda mlima juu ya Ziwa Manyara, msaidizi alijifunika kanga usoni. Binti wa Piyaya akamgusa bega kwa upole.

"Pole, mama," alisema. "Utazoea tu."