Mlango wa Ng'ombe

Daktari alifika wodini asubuhi akakuta fundi ameshaziba nusu ya upana wa mlango. Saruji ya matofali ilikuwa bado mbichi, na fundi anapiga mluzi kana kwamba anajenga banda la kuku.

"Nani kakutuma?"

"Mkurugenzi, dada. Anataka kukata ofisi hapa pembeni. Kasema mlango huu ni wa ng'ombe, si wa watu."

Damu ilimpanda kichwani. Hospitali ile ilichorwa na babu yake, msanifu majengo, na aliyeupanua mlango ule ni baba yake, sajini mbeba majeruhi. Sajini alirudi likizo kutoka vitani akamkuta mzee wake ameinamia ramani ya wodi, milango yote myembamba kama ya jikoni.

"Baba, huku kwenu wagonjwa wanaingia kwa miguu?" aliuliza. "Sisi mtu aliyevunjika paja tulimlaza ubavu ili machela ipite mlangoni. Alilia mpaka akanyamaza, na hakunyamaza kwa sababu amepona."

Msanifu alikuwa mtu wa maringo, hakosolewi hata na mkewe. Siku hiyo aliichana ramani yake mwenyewe. Toka hapo hakuchora mlango wa wodi bila kwanza kuupiga chaki uani, kulala kwenye machela na kubebwa apite katikati ya mistari, mtu mmoja ubavuni ameshika chupa ya maji ya dripu. Majirani walichungulia ukutani wakicheka: "Msanifu kafa tena leo!" Mjukuu, Daktari huyu wa leo, ndiye aliyepewa kazi ya kushika chupa. Kumhamisha mgonjwa bila kumtikisa alikujua kabla ya kujua kusoma.

Sasa Mkurugenzi akaja, tai imemkaba, uso mkavu.

"Daktari, usinipandishie sauti. Babu yako alipenda sifa, basi. Kapoteza ukuta mzima kwa kujionyesha. Na huyo baba yako nasikia jeshini alikuwa mchukuzi tu."

Wauguzi waliinamisha macho. Fundi aliacha mluzi.

"Mchukuzi, ndiyo," Daktari alisema. "Alichukua watu chini ya risasi. Wewe umemchukua nani?" Akaivuta machela iliyoegemea ukutani, akaitandaza sakafuni. "Lala."

"Nini?"

"Si umesema mlango wa ng'ombe ni ule wa zamani? Huu wako ni wa watu, na wewe ni mtu. Lala, bosi, tukupitishe."

Wagonjwa walikuwa wameshainua vichwa mitoni. Mkurugenzi alicheka kicheko cha mdomoni, akalala. Wauguzi wawili wakamwinua. Daktari akashika chupa ubavuni, kama zamani. Mlangoni wakakwama.

"Mlazeni ubavu," Daktari aliamuru.

Wakamlaza. Mkurugenzi akateleza, akayakumbatia matofali mabichi, akapiga yowe: "Mama yangu!"

"Nyamaza, mwanangu," bibi wa kitanda cha karibu alimwambia. "Mimi nyonga imevunjika na sikulia hivyo."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mkurugenzi aliteremka, saruji imemjaa kifua kizima.

"Bomoa," alimwambia fundi bila kumtazama Daktari.

"Bado," Daktari alisema.

"Bado nini? Mlango si nimekurudishia?"

"Mlango ni wa huyu bibi. Langu mimi ni jina. Umewatukana wazee wangu mbele ya watu hawa, na mbele ya watu hawa utaomba radhi."

Mkurugenzi alijifuta kifua kwa leso, akazidi kujipaka. Akageuka, akajipenyeza kwenye ule upenyo wake, akaenda zake.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aliyeuita mlango wa ng'ombe naye akapata lake: mpaka leo wauguzi wakimwona anakuja hunong'onezana, "Mama Yangu huyo." Huvunjika mbavu kwa kucheka.

Daktari hacheki. Hata salamu hampi, maana radhi hajaombwa. Wakikutana pale mlangoni, penye nafasi ya machela na mtu kila upande, yeye hupita katikati kabisa, taratibu, na Mkurugenzi husubiri nje.