Sahara Iliyofurika Kakamega

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema miaka ya tisini, nilifika shuleni karibu na Shieywe, mjini Kakamega, nikiwa na shahada ya jiografia, tai ya kuazima na imani kwamba Afrika ilikuwa ikinisubiri niieleze. Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki na Kidato cha Pili. "Ramani iliraruka," akasema. "Utajua mwenyewe."

Muda wangu wa majaribio ulipokaribia kwisha, Mkaguzi wa Shule alitarajiwa kuja kuamua kama nithibitishwe kazini au nirudi kwetu. Ili nimvutie, nilijenga na wanafunzi bara zima nje, nyuma ya darasa. Ilikuwa ramani ya mwinuko, yaani ile ambayo milima yake inasimama kweli. Nyanda za juu za Ethiopia tulizifinyanga kwa udongo mwekundu, Sahara tukaimwagia mchanga wa mtoni, msitu wa Kongo ukawa matawi. Shaba ya Zambia ilikuwa vipande vya waya. Mafuta ya Nijeria, oili chafu ya trekta kwenye kifuniko cha chupa.

Mimi niliyeweza kuchora pepo zote za Afrika nikiwa nimefumba macho nilisahau kwamba Kakamega mvua hunyesha karibu kila alasiri. Siku tuliyoimaliza ramani, ilinyesha.

Kesho yake nilikuwa nikimsalimu Mkaguzi wakati Nekesa, mwanafunzi wangu, alipokuja mbio. "Mwalimu, Sahara imekuwa bwawa! Na iko na vyura!"

"Vyura wa Sahara," Mkaguzi akasema. "Hao sijawahi kusoma."

Tulipofika pale nikaanza kuomba radhi. Nekesa akanikatiza, akamgeukia Mkaguzi. "Si makosa, mzee. Ona vile Ethiopia imeisha. Udongo wote umeshuka na Nile, ukalala huku Misri. Ndiyo maana wanalimanga kando ya mto, na jangwa liko hapo tu."

"Na mafuta?" Mkaguzi akauliza.

"Yamemwagika baharini, yakaua samaki."

"Samaki gani?"

"Yale maganda ya mahindi."

Mkaguzi akacheka, akachutama bila kujali suti yake, akaufuata mto kwa kidole hadi topeni. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungasha virago kichwani.

"Maandalio yako ya somo yanasema nini kuhusu mvua?"

"Hayasemi kitu, mzee."

"Basi andika. Nikishakuthibitisha, jenga nyingine. Usiifunike."

Nikaijenga kila mwaka, nikiwaambia wakaguzi waliofuata kwamba mbinu hiyo niliibuni baada ya utafiti mrefu. Nimestaafu mapema, nimeridhika, na cheti cha ubunifu kiko ukutani. Majuzi Nekesa, ambaye sasa ni mwalimu wa jiografia huko Mautuma, alikisoma polepole, akauliza kama kuna nafasi ya jina la pili.

Nilimpa kalamu.