Kaku Chini ya Plastiki ya Gare

Plastiki ikipigwa na jua la saa sita hutoa harufu tamu ya kuchefua. Nikiinusa tu, jamani, uso unaniwaka kwa aibu.

Miaka ile ya Zaïre, kibaraza cha gare yetu ya Kolwezi, yaani stesheni ya treni, kilikuwa na paa la vioo, kazi ya enzi za Wabelgiji. Vumbi la migodi lilikuwa limevitia weusi, vingine vimevunjika, mvua inawanyeshea abiria. Baba, seremala, alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kuvitoa na kuweka plastiki mpya. Mpya kweli: ukiwa chini uliona hadi kucha za aliye juu.

Kaku, mama yake mama, alikuwa njiani kutoka Kasai kuja kuona mtoto wetu mchanga. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Huyu akitokea huku, yule anapita kule. Sasa kumsimamia juu ya kichwa! Angeweza kukasirika akarudi na binti yake. Lakini baba hakuwa na wasiwasi. Treni ya Kasai ifike siku yake? Wapi!

Ikafika siku yake.

Nilikuwa nimempelekea baba bukari, ugali wake wa mchana. Nikamwona Kaku akishuka na vikapu vyake, akaketi kwenye benchi, pembeni kabisa ya ngazi ya kushukia mafundi.

"Tata Ilunga, bukwe yako huyu!" fundi mwenzake akapayuka, akimwonyesha mama mkwe kwa kidole.

Kaku akainua macho. Juu yake baba alikuwa amechuchumaa, kaptula imepasuka nyuma, hana pa kujificha. Kaku akajifunika kitenge kichwa kizima, akatulia kama gunia. Watu wakacheka, na wanafunzi wenzangu walikuwamo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kaku, toa kitenge," nikamnong'oneza. "Batu banacheka."

"Bacheke. Mi siko naona kitu. Mwenye iko na kazi ashuke tu, aende."

Baba akashuka, akampita ubavuni, akatokomea nyuma ya mabehewa. Nyumbani, mama alipouliza habari za safari, Kaku alijibu kwamba alisinzia kidogo ku gare. Wala hakumchukua binti yake.

Leo nami nina mkwe, ndipo nimeelewa. Yule mama alikubali kuchekwa na gare nzima ili baba yangu ashuke na heshima yake. Na mimi, mjinga, nilikuwa namwonea aibu yeye.