Gato ya Mananasi ya Ma Kavira

Harufu ya nanasi linaloungua kwenye sukari haifanani na harufu nyingine yoyote ya jikoni. Inaanza kwa utamu, unaifuata kwa furaha, halafu mwishoni inakuja na ukali unaokwaruza koo kama moshi wa kuni mbichi. Wiki iliyopita nilikuwa napita nyuma ya tanuri moja la mikate hapa mjini Kasese, nikiwa na haraka zangu, harufu hiyo ikanikamata. Nikasimama kando ya ukuta kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mwanamke aliyekuwa akipanga mikate akaniuliza kama nataka keki. Nikamwambia hapana, nikaenda zangu, maana kwangu harufu ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni Ma Kavira.

Nilikuwa praimari ya tatu wakati ule. Tuliishi Bwera, katika nyumba ya bati nyuma ya duka la Mama, na Baba alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni. Mwaka ule watu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakivuka kwa makundi wakikimbia vita, magodoro kichwani, mbuzi wakivutwa kwa kamba, watoto wamefungwa mgongoni hata wale wakubwa wa kutembea. Hawakuwa wageni kwetu. Lugha yetu ni moja, mizimu yetu ni ileile, ni mto Lhubiriha tu uliotugawa, na mto wenyewe wakati wa kiangazi hata bata anauvuka kwa miguu.

Ma Kavira alikuja bila godoro wala mbuzi. Alikuwa na kitenge alichovaa, ndala moja ya kijani na moja ya buluu. Aliingia dukani akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza, akatoka nje, akakiosha kikombe, ndipo akakirudisha. Mama alisema baadaye kwamba mtu anayekumbuka kuosha kikombe cha watu siku kama ile haachwi alale nje. Akampa chumba cha stoo, katikati ya magunia ya maharage na katoni za sabuni.

Aliponiuliza jina nikamwambia naitwa Biira, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe weye njo wajina yangu," akasema.

Ndivyo ilivyo kwetu, majina hayachaguliwi. Mtoto wa kike wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na ng'ambo ya mto huyo wa pili ni Kavira. Ukisimama sokoni siku ya Ijumaa ukaita Masika, nusu ya wanawake watageuka. Tulikuwa tukilicheka jambo hilo shuleni. Mwalimu wetu aliwahi kuuliza Biira amefanya nini na kitabu chake, tukajibu watano kwa pamoja.

Ma Kavira naye alikuwa na Masika wake, mtoto wa pekee, umri wangu. Watu wenye mapanga walipoingia kijijini kwao, upande wa Beni, yeye alikuwa shambani na mtoto alikuwa kwa bibi yake. Aliporudi akakuta nyumba ya bibi ni majivu. Waliokufa walizikwa na majirani, na Masika hakuwa miongoni mwao. Hilo tu ndilo alilolijua. Wengine walisema mtoto alionekana na kundi lililokimbilia Butembo, wengine wakasema alipanda lori. Alimtafuta mpaka miguu ikamleta mpakani. Alikuwa akituelezea sura yake, kwamba amefanana na baba yake kwenye paji la uso, kwamba ana pengo la jino hapa mbele. Siku moja Mama akasema polepole kwamba jino hilo sasa litakuwa limeshaota. Tangu hapo Ma Kavira hakulitaja tena pengo.

Kabla ya hayo yote alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni ya misheni, kule kwao. Huko alikuwa na jiko la umeme, siagi ya ng'ombe, mayai kadiri atakavyo. Kwetu alikuwa na sigiri moja ya mkaa, ambayo yeye aliiita babula, na rafu za duka la Mama. Lakini mikono iliyozoea kazi haikai bure. Jumapili moja alimwomba Mama biskuti za glukosi zilizovunjika kwenye katoni, zile ambazo hakuna mteja anayezitaka, na nanasi lililokuwa linaelekea kuharibika.

Nikapewa kazi ya kusaga biskuti kwa chupa ya soda. Sikuwahi kupewa kazi nzuri kama hiyo maishani. Nilisaga, nikaonja kama zimesagika, nikasaga tena. Yeye alikata nanasi vipande vyembamba, akalipika kwa maji yake lenyewe na sukari mpaka likawa zito, rangi ya asali. Akachanganya unga wa biskuti na manteka, ndiyo ile siagi ya kopo, na kijiko cha maziwa ya unga. Nusu akaishindilia ndani ya sufuria, akamimina nanasi, akapanga ndizi mbivu juu yake, akafunika kwa unga uliobaki. Halafu akatia mfuniko na, mbele ya macho yetu, akakoleza makaa ya moto juu ya mfuniko.

Mama alirudi hatua nyuma. Kwao Karusandara, alisema, moto hukaa chini ya chungu, na mtu anayeuweka juu huwa ana mambo yake.

Ma Kavira akacheka, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako gato ni keki na furu ni tanuri: "Gato haiombake furu. Inaombaka moto juu na moto chini, na mutu ya kungojea."

Tulingoja. Ilipofunuliwa, juu ilikuwa imekauka rangi ya kahawia, pembeni sharubati ya nanasi ilikuwa imechemka ikaganda kama peremende. Mama aliyekuwa na wasiwasi ndiye aliyerudia sahani. Masika, alituambia Ma Kavira, alikuwa hapendi katikati. Alikuwa anakula pembeni tu, akizunguka sufuria na kijiko kama saa.

Mama akampeleka Kasese, kwenye redio, likasomwa tangazo: Kavira wa Beni, aliyeko Bwera, anamtafuta binti yake Masika. Siku za mwanzo tulikuwa tukisikiliza tangazo lile sote, hata wateja walinyamaza. Baadaye tukalizoea kama matangazo ya dawa ya kuku. Mama alikuwa akimwambia subira huvuta heri.

Kisha siku moja simu ya Mama ikalia. Alikuwa mwanamke wa Butembo aliyesikia tangazo, muuza vitenge, anayevuka kila siku ya soko. Alisema kuna familia imemhifadhi mtoto wa kike, jina lake Masika, mama yake ni Kavira, alipotea kwenye vurugu za upande wa Beni, na umri ndio huohuo. Mtoto ameshaambiwa kwamba mama yake amepatikana. Angekuja naye Ijumaa, mapema, soko likifunguliwa.

Sijui nieleze vipi siku zile zilizobaki mpaka Ijumaa. Ma Kavira alifagia stoo mpaka sakafu ikatoa vumbi jipya. Alimwomba Mama gauni langu moja, akalipunguza kiunoni, akalirudisha, akalipunguza tena, kwa sababu hakujua mtoto amekonda kiasi gani. Kulikuwa na wimbo wa kanisani aliokuwa akiuimba kwa kuguna, na Mama alinikonyeza nisimwambie kwamba ninausikia.

Ijumaa alfajiri aliwasha sigiri. Safari hii hazikuwa biskuti zilizovunjika. Mama alifungua pakiti mpya mwenyewe, akachagua nanasi zuri kuliko yote. Mimi nilisaga. Ma Kavira alikuwa na haraka, akazidisha makaa, ukingoni nanasi likaungua kidogo, ndipo harufu ile ikajaa nyumba nzima. Nikadhani atahuzunika. Akasema hapana, Masika anapenda hivyohivyo, pembeni pakiwa na uchungu.

Tukaifunga sufuria kwa kitenge, tukapanda boda mbili hadi Mpondwe, penye daraja la mpakani. Jua lilikuwa limeanza kupanda nyuma yetu. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka mbali, wapagazi wanavuka na magunia ya kahawa na makreti ya samaki wakavu, kila mtu akipiga kelele kwa lugha yake. Pale palipofungwa kamba, askari mmoja alitunyooshea mkono.

"Mama, simama hapo. Usivuke kamba."

Mama akamweleza. Afande akatazama ile sufuria niliyoikumbatia, akatazama uso wa Ma Kavira, akaishusha kamba kidogo kwa mguu wake na kugeukia upande mwingine. Mimi niliambiwa nibaki nyuma na chakula. Mama na Ma Kavira wakasogea mbele, wameshikana mikono.

Nikamwona yule muuza vitenge akija darajani na mzigo kichwani, na pembeni yake mtoto wa kike aliyenyolewa kichwa, amevaa gauni la njano lililomzidi. Mwanamke akamwonyesha mtoto, kwa kidole, aliposimama Ma Kavira. Mtoto akaanza kukimbia. Ma Kavira alisimama kidogo. Halafu akamwachia Mama mkono, akafungua mikono yake yote miwili, akaita, "Masika!" kwa sauti iliyowageuza hata wapagazi.

Mtoto akaingia kifuani kwake kwa nguvu. Wakashikana. Kisha mtoto akainua uso akamwangalia, na nikaona mabega yake yakikakamaa ndani ya lile gauni.

"Mama yangu iko wapi?" akauliza.

Ma Kavira akaketi chini, palepale vumbini, bila kumwachia. Mama akaja kuichukua sufuria mikononi mwangu. Hakuna aliyelia kwa sauti. Muuza vitenge ndiye aliyekuwa akirudiarudia kwamba jina ni Masika, mama ni Kavira, yeye angejuaje. Kweli, angejuaje? Akina Kavira wa Beni wenye binti Masika walikuwa wangapi?

Ma Kavira akafungua kile kitenge, akamega gato, akampa mtoto mkononi. Mtoto alikuwa na njaa. Alikula huku machozi yanamchuruzika, akala katikati kote, akaacha pembeni palipoungua.

Tulirudi naye Bwera, kwani familia iliyomhifadhi ilikuwa na watoto wake wengi, na muuza vitenge aliogopa kurudi naye. Wakaishi pamoja stoo, wale wawili, Kavira na Masika. Alimwogesha, alimfundisha kusuka ukili, alimkatia kucha. Mtoto alimwita Tantine, yaani shangazi, na ulimi haukuwahi kumteleza akamwita mama. Jioni walikaa kwenye kizingiti, bega kwa bega, wote wakiangalia barabara, kila mmoja akimngoja mtu wake. Mama mzazi wa yule mtoto, tulikuja kusikia, alikuwa amezikwa zamani katika shamba la mtu. Masika wa Ma Kavira hatukusikia habari zake kamwe. Tangazo likaacha kusomwa.

Gato hakuipika tena. Nilimwomba mara nyingi, na kila mara alikuwa na sababu, mkaa umelowa, nanasi ni changa. Mwishowe Mama alinikataza kuomba.

Baadaye waliandikishwa kwenda kambi ya wakimbizi, mbali, upande wa ziwa. Siku ya basi alimfunga mtoto kilemba, akaosha kikombe alichonywea chai, akatuaga. Miezi michache tulipowapigia simu iliita, halafu ikawa haiiti tena.

Nilikua na kisa hiki nikikisimulia kwa namna yangu. Nilikuwa nikijiambia kwamba Ma Kavira alipata angalau kitu kimoja: ule muda mfupi darajani, kati ya kuita na kukumbatia, ambapo aliamini. Niliona ni kidogo, lakini ni chake, na hakuna awezaye kumnyang'anya. Nilifarijika hivyo miaka mingi.

Mwaka jana nilikwenda Bwera kumsalimia Mama. Tulikuwa tukimenya mihogo uani, mazungumzo yakafika huko, nikamwambia hilo wazo langu. Mama akaacha kumenya.

Akanieleza kwamba asubuhi ile jua lilikuwa mgongoni mwetu na machoni mwa wale waliokuwa wanatoka ng'ambo. Sisi tulimwona mtoto vizuri sana. Mtoto aliona kivuli cha mwanamke tu. Mzazi anamjua mwanawe kwa mwendo, akasema, hata akiwa mbali. Yule mtoto alipoanza tu kukimbia, Ma Kavira alimfinya Mama mkono mpaka alama ikabaki siku kadhaa, akamwambia kwa sauti ndogo, "Haiko yeye. Haiko mutoto yangu." Mama akamvuta nyuma, akamsihi waondoke, wasiongeze msiba juu ya msiba. Naye akajibu:

"Mutoto ameisha kuniona. Nitageuka namna gani?"

Ndipo akafungua mikono, akaita.

Kwa hiyo hata ule muda mfupi hakuupata. Furaha iliyokuwa darajani pale ilikuwa ya mtoto peke yake, na ni Ma Kavira aliyempa, kutoka mahali ambapo yeye mwenyewe hakubakiwa na kitu. Jina la binti yake alilitoa kwa sauti yote ile mara ya mwisho, na akamwita nalo mtoto wa mwingine.

Mama aliinama akaendelea na mihogo yake. Mimi nilishindwa.