Nilivyompeleka farasi wangu kozi Kakuma, nikakataa alale na punda

Wakuu, nawasalimu wote. Haya ninayoandika yalinitokea mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijazificha. Ni miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikiwa bado changa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Lokitaung. Nilichunga mbuzi, nikauza samaki wa ziwani kujisomesha, hadi nikapata diploma ya afya ya mifugo Bulgaria. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Niliporudi Lodwar, wenye diploma tulikuwa wachache. Mwenye diploma na farasi nilikuwa peke yangu.

Ndiyo, farasi. Jike wa kahawia, jina lake Malkia. Nilimnunua Kitale kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga shamba. Siku aliposhuka kwenye lori pale Lodwar, watu waliacha maduka wazi wakaja kumtazama. Nikamjengea banda la makuti, peke yake, lenye kivuli kuliko nyumba za watu wengi.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye mradi wa chanjo ya mbuzi. Chanjo lazima ikae kwenye sanduku la barafu, na kuna maboma ya wafugaji ambako gari halifiki. Mbele ya mkutano mzima nilimwahidi bosi kwamba Malkia atafika huko kabla barafu haijayeyuka.

Shida ikawa moja. Kila sanduku lilipowekwa mgongoni, barafu iligonga ndani, na Malkia akatimua mbio. Mara ya pili alivunja chupa zote za chanjo.

Bosi hakunigombeza. Alisema Kakuma kuna kozi ya siku saba, kila mtu anakwenda na mnyama wake mwenyewe. Siku ya saba angekuja kuona. Kama Malkia hatabeba sanduku, anarudi Kitale kuuzwa, nami nahamia stoo kuhesabu sindano.

Kozi ilikuwa na jina refu la Kiingereza, natural horsemanship. Kwa kifupi, humpigi mnyama wala humvuti kwa nguvu. Unamwomba kwa kamba kidogo tu, na akikubali hata hatua moja, unalegeza hapo hapo. Kulegeza ndiyo shukrani yake.

Mwalimu alikuwa Tolosa, mkimbizi kutoka milima ya Ethiopia, mtu aliyekua juu ya farasi. Wanafunzi wengine wote walikuwa akina mama wa Kakuma na punda wao.

Hapa nifafanue kwa wasiojua kwetu. Punda ni mambo ya wanawake. Tukihama, wao ndio wanaopakia na kuswaga. Mwanamume anayeonekana nyuma ya punda anatungiwa wimbo wa kumcheka.

Kwa hiyo niliwasalimu ejok kwa heshima, nikakaa mbali kidogo na daftari langu. Walinibatiza Diploma siku hiyo hiyo.

Siku tatu za kwanza niliongoza darasa, sitanii. Malkia alijifunza kuinamisha kichwa, kurudi nyuma, na kunifuata kamba ikiwa imelegea kabisa. Lakini sanduku, hapana. Akiliona tu, macho yanamtoka.

Tolosa akaniuliza farasi analala wapi. Nikamwambia nimemkodia ua wake karibu na kanisa, mbali na punda.

"Huyu ni mnyama wa kundi," akasema. "Unamfunga peke yake, halafu unauliza kwa nini anaogopa. Mpeleke alale na punda wa Mama Akiru."

Nikakataa. Nilieleza habari za mbegu bora na magonjwa, kwa Kiingereza kingi. Mama Akiru, mwanafunzi mwenzangu mwenye punda wanne, alisikiliza mpaka mwisho.

"Diploma," akasema, "anayekataa punda ni farasi, au ni wewe?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega.

Siku ya nne ikapita bure. Siku ya tano tukajaribu sanduku tena, Malkia akakata kamba akapotelea upande wa mto Tarach, ambao mara nyingi ni mchanga mkavu. Nilimtafuta mchangani kwa saa nzima nikiwa tayari namwona bosi ananikabidhi funguo za stoo.

Nikamkuta kwenye visima vinavyochimbwa mtoni. Amesimama katikati ya punda wa Mama Akiru, wamebeba madebe ya maji, maji yanagonga na kumwagika, naye ameweka pua juu ya mgongo wa mmoja wao. Ametulia tuli.

Mama Akiru mwenyewe alikuwa kisimani, wakuu, anajaza debe la mwisho.

Kisha nikamwomba Mama Akiru amlaze Malkia kwake.

"Alale," akasema. "Lakini kwangu, mwenye mnyama ndiye anayekwenda kuteka maji."

Asubuhi nikaswaga punda wanne na farasi mmoja, nikapita mbele ya mahoteli pale mabasi ya Lokichoggio yanaposimama. Wanaume wakaweka vikombe chini.

"Mzee wa Bulgaria," mmoja akaita, "umeolewa na nani?"

Nikatazama mbele. Siku hiyo Malkia alibeba madebe matupu. Kesho yake akabeba maji.

Mchana wa siku ya saba bosi alifika. Tolosa akamweka punda mmoja mbele, nikafunga sanduku. Barafu ikagonga. Masikio ya Malkia yakageuka, akamtazama punda, akapumua kwa nguvu, akatembea.

"Na bila punda?" bosi akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Bila punda, bado."

 Aliyejibu ni Mama Akiru: "Si mchukue punda. Na mwenye punda. Maboma yote huko nayajua."

Wiki iliyofuata tuliondoka wanne, Mama Akiru na punda wake mmoja mbele, Malkia na mimi nyuma. Boma la kwanza, nilifungua sanduku mbele ya wazee. Barafu ilikuwa bado ngumu kama jiwe.

Nilichojifunza ni kwamba ujuzi wangu ulikuwa wa kweli, ila Malkia alihitaji mwenzake, na niliyemnyima mwenzake ni mimi, kwa kuogopa kuchekwa.

Wakuu, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuzoesha punda, ngamia au farasi bila fimbo, atuambie alianzia wapi. Nitasoma yote na kujibu.