Upawa wa Wachochezi

Harufu ya mawese mapya yanayochemka hunirudisha kwenye kinu cha mafuta cha Rumonge, kando ya ziwa, ambako bibi yangu alichota upawa wa kwanza wa mafuta yake na kuumimina ziwani. Babu yake, mchochea moto wa meli ya vita, alizama humo pamoja na wenzake. Maofisa waliandikwa kwenye jiwe la ukumbusho. Wachochezi wa moto hawakuandikwa popote.

Mwenye kinu akacheka. "Mama, siku hizi samaki wanajikaanga wenyewe?"

"Hao ni majirani wa babu yangu. Wasalimie."

"Ukifa wewe, upuuzi huu utaisha."

Bibi alinitazama, akanikabidhi upawa. "Mimina, mutoto wangu. Aone kama utaisha."

Nilimimina. Leo kinu ni cha mwana wa yule bwana, naye hucheka vilevile. Upawa wa kwanza bado ni wa wachochezi.